Kitanda cha Mninga Kinachosubiri Vanishi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepiga msasa tena. Mara ya tatu. Fito zote ishirini na mbili, moja moja, mpaka kidole hakisikii kitu. Vumbi la mninga limenijaa puani, nikipiga chafya leso inatoka ya kahawia.

Kitanda kimesimama. Miezi mitatu ya kazi yangu mwenyewe, hapa uani Chuno, mimi ambaye tangu niache kufundisha kazi yangu ni kuandika makala za kugombana na watu gazetini. Kimebaki kitu kimoja: vanishi ya mwisho. Nilidhani ni jambo la nusu saa.

Nimemuuliza Fundi Chilumba, seremala jirani yangu, ndiye aliyenifundisha kushika randa. Akajibu: inategemea. Mafundi wote wa nchi hii huanza na neno hilo. Nikamwambia mahitaji yangu ni matatu tu. Iwe angavu, maana mistari ya mninga huu ni mizuri na sitaki kuifunika. Iwe ngumu, idumu mpaka kwa wadogo wa mtoto atakayelala humo. Isiwe sumu, maana mtoto akianza kuota meno atatafuna ubao wa juu.

Chilumba akacheka. "Mwalimu, umegombana na halmashauri, umegombana na maimamu, sasa umeingia kwenye mbao."

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna msomaji. Kitanda ni cha mjukuu, lakini ninayemtengenezea ni Somoe. Binti yangu pekee, muuguzi huko Nanyamba. Anakuja tarehe ishirini kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Mwaka na nusu sasa hajanipa neno zaidi ya shikamoo. Niliandika makala dhidi ya kamati za harusi, kadi za michango, sare, ukumbi, upuuzi wote ule, na mfano nilioutumia ulikuwa harusi yake. Sikutaja jina. Mji mzima ulijua.

Nilikuwa sahihi. Na binti yangu haniangalii usoni. Yote mawili ni kweli na sijui niyaweke wapi.

Jumatano, 6 Novemba

Maduka manne. Majibu matano, maana muuzaji wa tatu alibadili mawazo nikiwa natoka.

Wa kwanza: vanishi ya mafuta, ndiyo ngumu, wanapaka hata kwenye mashua. Wa pili: hiyo itageuka njano na itanuka mwezi mzima, chukua laka, inakauka ukiwa unaitazama. Wa tatu: laka inachanika kwa kucha, chukua vanishi ya maji. Kisha: hapana, ya maji haifai huku kwetu pwani. Wa nne hakuwa na vanishi yoyote, akanishauri nipake rangi nyeupe.

Nimesoma maandishi ya makopo yote. Lugha tatu, na hakuna hata moja inayojibu swali langu: mtoto akilamba, je?

Mimi nimesoma vitabu vya falsafa, vya uchumi, vya fikihi. Nimewabana waheshimiwa hadharani mpaka wakaomba maji. Leo nimesimama mbele ya rafu ya vanishi nikiwa sielewi chochote. Nimenunua makopo mawili tofauti kwa aibu tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya sala nimeanza majaribio. Vipande sita vya mninga vimepangwa ukutani, kila kimoja na jina lake kwa penseli. Vanishi ya mafuta. Laka. Shelaki, yale magamba ya kahawia yanayoyeyushwa kwa spiriti. Chilumba alinipa kiganja kimoja kutoka kwenye mkebe wa marehemu baba yake. Nta ya nyuki. Mafuta ya nazi, kwa msisitizo wa mke wangu Hadija. Cha sita kitupu, cha kulinganishia.

Vanishi ya maji haipo Mtwara kwa sasa. Imeisha. Italetwa. Lini? Italetwa.

Kila kipande kitawekewa kikombe cha chai ya moto, kitakwaruzwa kwa sarafu, kitamwagiwa ndimu. Jaribio la nne ni la mate. Nilikuwa nalamba kile cha shelaki, kimekauka vizuri kabisa, Hadija akatokea mlangoni na beseni la nguo.

Alisimama. Akaweka beseni chini. Kisha akasema, "Wanawake wenzangu wameolewa na walevi. Mimi nimeolewa na mlamba mbao."

Jumamosi, 9 Novemba

Amekuja Bi Fatu, shangazi yake Hadija, kutoka Msimbati. Atakaa mpaka mtoto azaliwe, na siku arobaini za uzazi juu yake. Alipokiona kitanda akavuta mtandio hadi puani.

"Mkwe, mgeni hajafika, na wewe umeshamtandikia?"

Nikamweleza kwamba hayo ni mawazo ya zamani. Nikamweleza kwa kirefu. Nikapitia dini, nikapitia historia, nikapitia afya ya uzazi. Alinisikiliza hadi mwisho akitafuna tambuu. Kisha akachukua mkeka akakifunika kitanda.

Hadija yuko upande wake. Anasema Somoe mwenyewe hajanunua hata kofia moja. Anasema pia kwamba mtoto atalala na mama yake, kama watoto wote wa ukoo huu walivyolala, na hakuna aliyeomba kitanda.

Hili la mwisho limeniuma. Ni kweli. Hakuna aliyeomba.

Jumatatu, 11 Novemba

Matokeo ya majaribio ni balaa.

Laka imegeuka nyeupe. Ilikauka haraka, ikang'aa, nikafurahi; asubuhi nimekuta ukungu ndani yake kama maji yaliyooshea muhogo. Chilumba anasema ni unyevu wa hewa. Mawingu ya mvua yamekaa juu yetu wiki nzima na hayanyeshi.

Vanishi ya mafuta haikauki. Siku tatu, bado inanata. Chilumba anasema mninga una mafuta yake ndani, unaikataa. Ningejuaje? Hukuuliza, anasema. Niliuliza! Ukasema inategemea! "Sasa si ndiyo inategemea hivyo, Mwalimu."

Nta imeyeyuka chini ya kikombe. Mafuta ya nazi yameita sisimizi. Shelaki ni nzuri, angavu, haina ladha, lakini chai imeacha duara jeupe juu yake, na kitanda cha mtoto kitamwagikiwa vibaya kuliko chai.

Kipande kitupu ndicho kizuri kuliko vyote. Nimekitazama kwa chuki.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata.

Korosho! Maganda ya korosho yana mafuta. Watu hupaka nguzo, mchwa hawagusi. Nimesoma zamani kwamba nchi za wenzetu hutengeneza vanishi kwa mafuta hayohayo. Gesi inatoka chini ya miguu yetu Msimbati, korosho zinatoka Nanyamba, na sisi tunapanga foleni kusubiri kopo la vanishi kutoka ng'ambo. Tunachoma maganda. Tunatupa maganda. Halafu tunamuuliza muuzaji kama vanishi italetwa lini!

Makala imejiandika yenyewe kwa saa moja. Kali. Sijaandika kitu kikali namna hii tangu mwaka jana. Nimesema wazi: yachemshwe, yachujwe, yapakwe, nasi tuache kuomba. Nimemtumia mhariri. Amejibu baada ya dakika kumi: itatoka Jumapili.

Sijajaribu bado. Lakini hoja iko sawa, na hoja ikiwa sawa mbao zitafuata.

Alhamisi, 14 Novemba

Nanyamba kwa ajili ya mafuta. Nimempata mama mmoja anayebangua korosho uani kwake, amekaa juu ya kigoda, kibakuli cha majivu pembeni. Kila baada ya korosho chache anachovya vidole kwenye majivu. Anayo mafuta kwenye dumu, anawauzia wenye nguzo za mazizi.

Akaniuliza nayapeleka wapi. Nikasema kitanda. Akaacha kubangua.

"Kitanda cha kulala mtu?"

"Mchwa hawagusi," nikamwambia.

"Basi na wewe usiguse, baba."

Wanawake waliokuwa pale wakacheka, nami nikacheka. Nimekulia kwenye korosho. Nina alama mdomoni tangu utotoni, niling'ata ganda bichi. Lakini korosho iliyochomwa ganda lake haliunguzi, kila mtoto wa huku anajua hivyo. Moto unamaliza ukali. Nitachemsha.

Nyumba ya Somoe iko mtaa wa pili kutoka hapo. Nilisimama kwenye kona na dumu langu. Khanga zilikuwa zimeanikwa, moja ni ya mama yake. Nikafikiria niingie niseme nini. Nimekuja kununua mafuta. Nimekuja kukuona. Nimekuja.

Nikarudi stendi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimechemsha kwenye kopo nyuma ya choo. Moshi wake ni wa kikatili, macho yamevimba, Bi Fatu amehamia kwa jirani mpaka jioni. Nikachuja kwa kitambaa. Rangi ni kama chai ya rangi iliyokolea. Si angavu hasa. Lakini ukiinua kijiti cha kukorogea juani, mwanga unapita. Unapita kiasi.

Nimepaka upande mmoja wa kitanda na ubao wa juu, kwa tambara, mikono mitupu. Glavu zinaficha hisia. Mti unatakiwa usikike.

Chilumba amechungulia juu ya ukuta, akauliza hiyo harufu ni nini. Nilipomwambia akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwambia asome gazeti kesho.

Jumapili, 17 Novemba

Makala imetoka. Ukurasa mzima, picha yangu juu. Simu hazikatiki. Mkulima mmoja ameniita shujaa. Mwanafunzi wangu wa zamani anasema amekata ukurasa ataubandika ofisini.

Mikono inawasha.

Kitanda kinanata. Kimekuwa cheusi, mistari ya mninga haionekani tena. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haushiki kalamu.

Malengelenge. Kiganja chote cha kulia, vidole, mpaka juu ya kifundo. Kushoto nafuu kidogo. Uso nao, hapa shavuni nilipojikuna.

Hadija amenipaka mafuta ya nazi na hajasema kitu. Angesema tu.

Jumatano, 20 Novemba

Somoe amefika. Mumewe kamleta na gari la kuazima, kala, kageuza kwenda kazini. Tumbo limeshuka. Uso umekuwa wa mama yake wakati wa mimba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Ndiyo hayo. Ningeenda zangu chumbani kama si Bi Fatu kupaza sauti, "Muuguzi, hebu mtazame huyu baba yako kabla mikono haijadondoka!"

Akaiona. Akauliza nani amepaka mafuta ya nazi. Hadija akaingia jikoni. Somoe akaninawisha kwa maji na sabuni, taratibu, kidole kimoja kimoja, akafuta, akapaka dawa, akafunga bandeji. Kichwa chake kilikuwa karibu na kidevu changu. Dakika ishirini pengine. Hakuuliza nini kimeniunguza, na mimi sikusema. Wote wawili tulikuwa tunanusa harufu ya korosho iliyojaa uani.

Mwandiko huu ni wa mtoto wa darasa la kwanza. Nimefurahi. Naogopa. Sijui.

Ijumaa, 22 Novemba

Siku mbaya. Naandika polepole.

Asubuhi ujumbe kutoka kwa msomaji, mzee wa Tandahimba. Alifuata maelekezo yangu, akapaka kiti cha mkewe. Mkewe amekaa. Ameandika kwa adabu kubwa, ameniita mheshimiwa, anauliza tu kama kuna hatua ameiruka.

Nimesoma ujumbe ule mara nyingi. Miaka yote nimetukanwa kwa niliyoandika na sikuwahi kulala njaa. Mzee huyu hakunitukana, na chakula hakikupita.

Nikampigia. Nikamwambia hakuruka kitu, mimi ndiye niliyekosea, mkewe anawe kwa sabuni na waende zahanati. Kisha nikampigia mhariri: nataka nafasi Jumapili hii, nakanusha. Akasema haijawahi kutokea. Nikasema najua.

Vidole haviwezi simu. Hadija akasema, Somoe, mwandikie baba yako. Akakaa kwenye kigoda, simu mkononi, tumbo magotini. Mimi nikatembea uani nikisema, kama nilivyokuwa nikisema darasani.

"Andika: Nilikosea."

Akaandika.

"Andika: Nilitangaza jambo kabla ya kulijaribu, na kuna watu wameumia kwa sababu yangu. Ninawaomba radhi."

Hakuandika. Alikuwa akiitazama simu.

"Kumbe unaweza," alisema.

Hakupandisha sauti. Kuku walikuwa wakipiga kelele zaidi yake. Kisha akasema, "Niendelee?"

Na mimi, mtu mwenye maneno, nikasema endelea. Nikampa makala yote mpaka nukta ya mwisho, akaiandika yote, akaituma, akaingia ndani kulala.

Wasomaji wa korosho nimewaomba radhi baada ya siku tano. Yeye nimemkalisha mwaka na nusu.

Jumapili, 24 Novemba

Kanusho limetoka. Wapinzani wangu wanasherehekea. Hainigusi, ajabu.

Nimejaribu kumtungia Somoe maneno. Rasimu tisa kichwani tangu juzi. Zote zinaanza na ingawa. Ingawa hoja ilikuwa ya msingi. Ingawa sikukutaja jina. Ingawa kamati zile kweli ni mzigo kwa maskini. Nikiiondoa ingawa, sentensi inabaki fupi mno, naona aibu kusimama nyuma yake.

Chilumba amekuja na glavu na miwani, kamlaani babu yangu na babu wa korosho, kang'oa fito zote za upande uliopakwa na ubao wa juu. Hazifai hata kuchomwa jikoni, anasema, tutazizika. Ana mninga kidogo, atachonga nyingine. Nikamuuliza atataka nini. Akasema anataka nisiandike chochote kuhusu useremala tena maisha yangu yote.

Jumanne, 26 Novemba

Kitanda kimekamilika tena. Kitupu, hakina vanishi, kizuri. Kimesimama uani bila mkeka. Bi Fatu amechoka kukifunika.

Vanishi ya maji imeletwa. Makopo matatu, kwa basi kutoka Dar. Chilumba amenishauri nisubiri jua. Sijui kama vanishi hii ndiyo yenyewe. Nimesoma tena maandishi ya kopo. Yanasema isimguse mtu mpaka ikomae, na kukomaa ni wiki kadhaa. Kwa hiyo kwa vyovyote nimechelewa. Nimechelewa kwa sababu ya ubishi wangu, si kwa sababu ya ng'ambo.

Jumatano, 27 Novemba

Asubuhi uchungu umeanza. Hadija ametoka mbio kutafuta bajaji. Bi Fatu ndani akifunga mzigo wa khanga. Somoe alikuwa akitembea uani, na kila uchungu ulipokuja alikishika kitanda, ubao wa juu, mikono miwili, akainama. Bi Fatu alikuwa amemkanda mgongo kwa mafuta ya nazi na mikono yake ilikuwa inateleza. Nilisimama upande wa pili wa fito. Nimefungwa bandeji, sina cha kushikia.

Nikasema, "Somoe, nilikosea. Ile makala ya harusi. Nisamehe."

Hivyo tu. Bila ingawa.

Akainua uso, jasho linamtiririka, akanikazia macho kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Baba, si sasa!"

Bajaji ikapiga honi.

Saa tisa alasiri. Wa kike. Wote wazima. Alhamdulillahi. Nimekaa nje ya hospitali kwenye ukingo wa saruji na kulia kama mjinga, na mlinzi amenipa nusu ya muhogo wake.

Ijumaa, 29 Novemba

Wamerudi nyumbani. Nyumba imejaa wanawake, mimi nimesukumwa barazani. Hadija amebeba mtoto kaja kunionyesha kwa mbali. "Mke mwenzangu huyu, na ameshaniambia hakutaki wewe mzee." Nikasema mahari nitatoa kwa vanishi.

Jioni watu walipopungua Somoe aliniita mlangoni mwa chumba. Alikuwa amelala ubavu, uji pembeni.

"Ile ya juzi sikuisikia vizuri," alisema. "Rudia."

Nikatazama kama kuna mtu nyuma yangu. Bi Fatu alikuwepo, akijifanya anakunja khanga.

Nikarudia. Maneno yaleyale. Yalikuwa magumu zaidi mara ya pili, maana hakuna uchungu wa kumshughulisha, alikuwa anasikiliza kila neno. Nilipomaliza akasogeza uji kando. Kisha akasema watu walikuwa wanamnyooshea kidole sokoni. Kwamba mama mkwe wake alimuuliza kama baba yake ana akili timamu. Kwamba alinisubiri nije Nanyamba, hata siku moja. Nilitaka kumwambia kuhusu kona na dumu la mafuta. Sikumwambia. Hiyo nayo ingekuwa ingawa.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Hakusema amesamehe. Amesema amesikia. Natembea na neno hilo tangu jioni na sijui uzito wake.

Kisha akamwambia Bi Fatu anipe mtoto. Bi Fatu akasema na mikono hiyo? Somoe akasema mikono ina kiwiko. Wakaniweka chini kwenye mkeka, wakanilazia mtoto juu ya mikono, hapa ndani ya kiwiko, ngozi isiyo na kidonda. Ni mwepesi kuliko kipande cha mninga. Akanipigia miayo.

Jumatatu, 9 Desemba

Bandeji zimetoka. Ngozi mpya ni ya waridi na inasikia kila kitu, hata karatasi.

Leo kumetoka jua. Chilumba amekuja kupiga vanishi, mimi naruhusiwa kukaa na kutazama. Akapitisha kiganja kwenye ubao wa juu, akasimama. Kuna alama mbili nyeusi, za mikono ya Somoe, mafuta ya nazi na jasho vimeingia kwenye mti. Akachukua msasa. Nikamwambia aache.

Akaeleza kwamba vanishi ya maji haitashika juu ya mafuta, itajikunja, na mimi ndiye niliyetaka kitu cha kudumu. Nikamuuliza hakuna njia? Akafikiri. Shelaki kwanza, akasema, shelaki inashika juu ya karibu kila kitu. Kisha ya maji, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, msasa laini katikati. Inaweza kufaa. Nikamuuliza ana uhakika. Akasema inategemea.

Akapaka shelaki. Alama zikakolea badala ya kufifia.

Kitakaa kwenye kibanda chake, mbali na moshi, mpaka harufu iishe na vanishi ikomae. Nimehesabu siku. Vanishi na mzazi, akimaliza arobaini yake, watatoka karibu pamoja. Bi Fatu ameridhika, anasema angalau safari hii kitanda kimefuata utaratibu.

Mtoto bado analala na mama yake. Somoe ameuliza kupitia dirisha kama kitanda kinatosha kuwekwa na nguo za mtoto, nikasema kinatosha. Akauliza ni rangi gani nimepaka. Nikasema haina rangi.

Mhariri anataka makala. Nimemwambia wiki hii sina.

Mvua imeanza sasa hivi, ndogo. Chilumba amefunga mlango wa kibanda.